Sura ya Tano: Mto Uliouona Oktoba

Wanunuzi wengi wa ardhi ya kando ya Mto Rufiji huja kiangazi. Lami ya kutoka Dar es Salaam huwafikisha Kibiti na Ikwiriri kwa saa chache, bodaboda huwachukua hadi ukingoni, na huko hukuta kile walichokuwa wakikiwaza mjini: mto mpana uliopungua, fungu la mchanga mweupe katikati yake, miembe mikubwa yenye kivuli kizito, udongo mweusi usiodai mbolea, na kimya. Hakuna nyumba karibu, hakuna mtu shambani. Anayewaonyesha eneo anapiga hatua zake, anataja ekari, na kabla ya magharibi bei imekwisha kupatanwa.

Oktoba ni mwezi mbaya kuliko yote wa kupatana bei Rufiji. Mahindi ya bondeni yamekwisha kuvunwa, mpunga haujapandwa, mto umeshuka sana, na karibu kila aliyekuwa na haja na ardhi ile ameimaliza haja yake kwa mwaka huo. Utupu anaouona mgeni ni wa mwezi tu. Ardhi yenyewe ina watu wake, wanaipokezana kwa majira, na mto nao unadai zamu yake. Anayenunua bila kuijua orodha hiyo ya zamu ananunua ugomvi, hata kama karatasi zake zote zina mihuri.

Tuanze na zamu ya mto. Maji ya Rufiji hayatokani na mvua ya Rufiji. Mto huu unazaliwa pale mito ya Kilombero na Luwegu inapokutana, kisha unapokea Ruaha Mkuu, na kwa njia hiyo unabeba mvua za Iringa, Njombe, Mbeya na milima ya Udzungwa. Ndiyo maana huku chini, Utete, panaweza kuwaka jua juma zima huku maji yakipanda ukingoni siku hadi siku. Kwa kawaida hupanda kati ya Machi na Mei, Aprili ukiwa mwezi wake mkubwa. Mgeni husikia neno mafuriko akaogopa. Mrufiji wa zamani alilisikia akapima: mafuriko ya kiasi ndiyo yaliyomletea tope jipya shambani, ndiyo yaliyoingiza samaki katika maziwa ya bondeni, na yalipopungua yaliacha unyevu uliotosha kuotesha mahindi, kunde na maboga bila tone la mvua. Kilimo hicho cha baada ya maji kupungua huitwa mlau, na ndicho kilichowalisha watu katika miaka ambayo mvua za juu ziliharibu mazao mengine. Mwaka wa kuogopwa ulikuwa ule ambao maji hayakuja kabisa, au yalikuja kupita kiasi.

Yalikuja kupita kiasi mwaka 1968, na historia ya kila shamba utakaloonyeshwa leo inaanzia karibu na hapo. Hadi mwaka huo watu wengi waliishi bondeni kwenyewe, katika vipande vya ardhi iliyoinuka kidogo, kila ukoo na miembe yake. Baada ya mafuriko yale Serikali iliendesha Operesheni Rufiji: watu walitolewa bondeni na kukusanywa katika vijiji vya ujamaa juu kwenye kingo za bonde, ambako maji hayafiki. Walihama nyumba, mashamba hayakuhama. Kwa miaka mingi baadaye familia zimekuwa zikishuka bondeni kwa miezi kadhaa kila mwaka, zikilala katika madungu, yaani vibanda vilivyoinuliwa juu ya nguzo, ili kulinda mpunga na mahindi dhidi ya ndege, nyani, nguruwe na viboko.

Kwa hiyo ukionyeshwa bondeni safu ya miembe mizee iliyokaa kwa mpangilio, usikubali kuambiwa imeota yenyewe. Pale palikuwa na kijiji. Zunguka chini ya miti hiyo, utazame ardhi iliyotutumka, mawe yaliyopangwa, vigae vya vyungu. Uliza kama kuna makaburi, na uulize kabla ya bei, kwa heshima, kwa mtu mzima. Mtu aliyehamishwa akiwa kijana mwaka 1968 sasa ni mzee wa miaka sabini na zaidi, na anaikumbuka miti hiyo kwa majina ya walioipanda. Mpe shikamoo yake, kaa chini, mwache amalize habari zake, kisha uliza: “Mzee, maji ya mwaka ule yaliishia wapi? Na ya 1998?” Atakuonyesha kwa mkono. Kwa mgeni hakuna kipimo cha ardhi kinachozidi mkono huo. Nenda kwa mzee wa pili na wa tatu. Wakielekeza mti mmoja, umeupata mpaka wa mto.

Siku hizi muuzaji ana jibu tayari: bwawa limejengwa, maji hayatafika tena. Bwawa la Julius Nyerere lilianza kujazwa maji Desemba 2022, mitambo yake ina uwezo wa kutoa megawati 2,115, na ni kweli kwamba limebadilisha tabia ya mto huku chini. Lakini Aprili 2024 maji yalijaa Rufiji na Kibiti, nyumba na mashamba vikazama, huku bwawa likiwa limesimama pale pale. Bwawa la umeme linataka kuwa na maji. Mvua kubwa ikilikuta limejaa, maji ya ziada lazima yafunguliwe njia. Zaidi ya hapo, chini ya bwawa kuna vijito na mvua ambazo ukuta wake hauzioni. Mimi naliona badiliko jingine ambalo wauzaji hawalitaji, na linanitia wasiwasi zaidi kwa niaba ya mkulima. Tope lililokuwa likishuka na mafuriko sasa linatua nyuma ya ukuta. Maji yanayotoka bila tope huwa na nguvu zaidi ya kuchimba kingo, na shamba lisilopokea tope jipya huchoka kama shamba lolote jingine. Ule udongo mweusi uliouona ni akiba ya miaka iliyopita. Ukinunua kwa hesabu ya kuutegemea miaka thelathini, ingiza samadi katika hesabu hiyo.

Ukingo nao usomwe. Mto wa tambarare haukai mahali pamoja. Unakula upande wa nje wa kona zake na kutapika mchanga upande wa ndani. Ukikuta ukingo uliosimama wima, mizizi ya miti ikining’inia hewani na nyufa ardhini hatua chache kutoka ukingoni, upo upande unaoliwa. Maziwa mengi ya bondeni ni vipande vya njia za zamani ambazo mto ulizikimbia. Yeyote anayekuuzia ekari tano upande wa kona unaoliwa anakuuzia ekari tano za leo.

Sasa kuna kipimo ambacho hakitegemei kumbukumbu ya mtu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, katika kifungu cha 57, inazuia shughuli za kibinadamu za kudumu, au zinazoweza kuathiri mazingira, ndani ya mita 60 kutoka kwenye mto, ziwa au bahari, na Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 inasisitiza umbali huo huo. Linganisha na namna tunavyouziana. Ekari yetu ya vijijini ni hatua sabini kwa sabini, ambayo kwa futi kamba ni mraba wa mita 64 hivi kila upande. Anayenunua ekari moja inayogusa maji, basi, amenunua kipande ambacho karibu chote kimo ndani ya mita 60. Amelipa fedha halali kwa mahali asipoweza kuweka msingi wa nyumba. Na bei ya ekari hiyo huwa ya juu kuliko ya nyuma yake, kwa sababu ndiyo yenye mandhari! Pima mita 60 zako mwenyewe kwa futi kamba siku ya kwanza, chomeka kijiti, na anza kuhesabu ardhi yako kuanzia kwenye kijiti.

Tuje kwa watu. Ardhi kubwa ya bonde hili ni ardhi ya kijiji, inayotawaliwa na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Namba 5 ya mwaka 1999. Wanunuzi kutoka mjini hulijua jina la sheria hiyo na kudhani imetimizwa mwenyekiti anapogonga muhuri kwenye karatasi ya mauziano akiwa amekaa chini ya mwembe. Haijatimizwa. Aliyepewa mamlaka ni Halmashauri ya Kijiji, chombo chenye wajumbe kati ya 15 na 25, wanaokaa kikao chenye akidi na kuandika muhtasari. Unapopewa ardhi na kijiji chenyewe, Halmashauri hiyo haiwezi kukugawia bila Mkutano Mkuu wa Kijiji kuridhia kwanza, na Mkutano Mkuu ni watu wazima wote wa kijiji, kuanzia miaka 18. Unaponunua kwa mtu mwenye haki ya kimila, uhamisho huo unahitaji ridhaa ya Halmashauri, na sheria inataka anayehamishiwa awe mkazi au mtu mwenye nia ya kuishi au kufanya kazi kijijini hapo. Mahakama zetu zimekwisha kubatilisha mauzo yaliyokosa ridhaa hiyo, mnunuzi akiwa na risiti mkononi na muuzaji akiwa amekwisha kula fedha.

Watu hulalamika kwamba utaratibu huu ni mrefu. Naamini urefu wake ndio unaomfaa mnunuzi. Mkutano Mkuu hukaa kila robo mwaka, na katika kikao kile yule mama aliyeketi nyuma na mtoto mgongoni ndiye atakayesimama aseme kwamba eneo lile ni la marehemu kaka yake na watoto wake wako Mbagala. Fedha yako ingali mfukoni mwako wakati huo. Dalali anayekuharakisha ili umalize kabla ya mkutano anakunyima kinga ya bei rahisi kuliko wakili yeyote. Ngoja mkutano. Omba nakala ya muhtasari yenye tarehe, idadi ya waliohudhuria na saini. Vijiji vingi hutoza ushuru wa mauziano. Ulipe ofisini kwa Mtendaji wa Kijiji, kwa stakabadhi, kamwe usiuweke kiganjani mwa mtu.

Uliza pia kama kijiji kina cheti cha ardhi ya kijiji na mpango wa matumizi ya ardhi. Mpango huo unaonyesha kipi ni cha kugawiwa mtu mmoja mmoja, kipi ni akiba, na kipi ni cha pamoja. Ardhi ya pamoja haina muuzaji. Kwenye mto ardhi ya pamoja ndiyo inayovutia macho zaidi: uwanda wa malisho, msitu wa ukingoni, diko la mitumbwi.

Ndani ya nyumba ya muuzaji kuna maswali mengine. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamkataza mwanandoa mmoja kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, na busara inadai ridhaa hiyo hata kwa shamba. Bondeni, mara nyingi anayelima mpunga, anayelala dunguni na anayejua kila kona ya shamba ni mke. Akikosekana katika mazungumzo, ahirisha. Kama shamba ni la urithi, kutaneni na warithi wote, wakiwemo mabinti walioolewa mbali. Katika mirathi ya Kiislamu, ambayo ndiyo inayofuatwa na familia nyingi za Rufiji, mabinti hao wana mafungu yao yanayojulikana. Na usidhani kwamba kununua ardhi kumekupa miti. Pwani yetu ina desturi ya muda mrefu ya mtu kumiliki mnazi, mkorosho au mwembe katika ardhi ya mtu mwingine. Kila mti wenye thamani utajwe katika mkataba, kwa idadi na kwa jina la aliyeuachia.

Kisha kuna wale ambao hawamiliki chochote hapo na hawatakuja kwenye mkutano kuzungumzia eneo lako, kwa sababu haki yao ni ya kupita tu. Kwao nataka tukae kidogo.

Kina mama huteka maji mahali maalumu. Katika Rufiji mahali hapo huchaguliwa kwa kuogopa mamba: maji mafupi, ukingo ulio wazi, mara nyingine uzio wa miti iliyosimikwa majini ili mtu ainame na ndoo yake bila kuvutwa. Njia ya kufika hapo huonekana Oktoba kama mchirizi mwembamba majanini. Mnunuzi anazungusha seng’enge, mchirizi unakatika, na wanawake wanalazimika kuteka mahali pengine, penye maji ya kina na ukingo wenye magugu. Hakuna sheria aliyoivunja kwa macho yake. Amezungushia tu chake. Lakini mtu akipotea mtoni mwaka huo, kijiji chote kitajua ni kwa sababu gani aliteka pale, na mwenye seng’enge ataishi na hilo kila akikutana na jirani njiani. Mimi nisingenunua kipande chochote cha ukingoni kabla sijaamka alfajiri nikaona ni njia zipi zinatembewa, na mkataba ungeziandika njia hizo moja moja kuwa zimeachwa wazi daima.

Wavuvi wana diko lao, pa kuvuta mitumbwi na kutandaza nyavu. Wengine huhama kufuata maji, kwa hiyo diko lililokauka na kuota majani Oktoba laweza kuwa na mitumbwi kumi Juni. Wafugaji nao wana zamu. Baada ya mifugo mingi kuondolewa Usangu mwaka 2006 ili kunusuru maji ya Ruaha Mkuu, familia nyingi za wafugaji zilishuka hadi Rufiji, Kilwa na Lindi, na ng’ombe wao hutafuta mto wakati ule ule ambapo mimea ya mlau iko shambani. Migogoro ya wakulima na wafugaji katika bonde hili imemwaga damu. Anayefika sasa na kuziba njia ya ng’ombe ya kwendea maji anausukuma mgogoro huo kwenye shamba la jirani yake. Uliza mapito yako wapi. Kama hayajapimwa, kuwa miongoni mwa wanaoomba yapimwe.

Kuhusu kuishi, Warufiji wamekwisha kutoa jibu tangu 1968: nyumba juu, shamba chini. Sioni sababu ya mgeni kubuni jingine. Juu kuna zahanati na shule, kuna upepo, mbu ni wachache kidogo, na gari linafika hata masika, au angalau linafika karibu. Malaria ni ya kweli mwaka mzima. Neti na dawa ziwemo katika bajeti ya nyumba kama bati na saruji. Chini, jenga dungu kama majirani, na ulijenge imara. Viboko hutoka majini usiku kula, nguruwe pori huja na mahindi, na simba hufuata nguruwe. Mapema miaka ya 2000 simba waliua watu wengi katika wilaya ya Rufiji, baadhi yao wakiwa wanalinda mazao. Dungu bovu usilikubali kwa kumwonea fundi huruma.

Na utulivu ulioufuata unatunzwa na majirani. Kijiji hakina ukuta wala mlinzi wa zamu. Mali yako inalindwa na mtu anayejua jina lako na kumfahamu mgeni asiyekuwa wako. Jina hilo linajulikana kwenye misiba, kwenye siku za kuchonga barabara kwa mikono, kwenye mchango wa darasa. Mwenye shamba anayefika mara mbili kwa mwaka na gari lililofungwa vioo hukuta korosho zimeokotwa na mbao za dungu zimekuwa kuni, na hapati shahidi hata mmoja.

Ikiwa una subira, kodi kwanza. Mashamba ya mlau hukodishwa kwa msimu, na msimu mmoja utakuonyesha mto ukiwa mkubwa, tope likiwa bichi, ng’ombe wakipita, na majirani wakifanya kazi. Utajua kama unalipenda bonde au uliipenda Oktoba yake.

Mkishakubaliana, mipaka itembewe kwa miguu siku moja na watu wote: muuzaji na mwenzi wake, warithi, majirani wa pande zote, mjumbe wa Halmashauri, na mtu wa Baraza la Ardhi la Kijiji kama anaweza kuja, kwa kuwa hao ndio watakaosuluhisha siku mkikosana. Bondeni usitegemee mawe wala vijiti peke yake, maji huvifukia. Tumieni miti mikubwa, vichuguu, na mkondo wa zamani, kisha chukueni vipimo vya setilaiti kwa simu katika kila kona na kuviandika kwenye mkataba. Vipimo hivyo vitakusaidia tena utakapoomba hati ya hakimiliki ya kimila, ambayo hutolewa na kijiji na kusajiliwa katika masjala ya ardhi ya kijiji, nakala ikiwekwa wilayani. Waombe majirani waje na vijana wao wa miaka kumi na miwili, kumi na mitano, nawe uje na wako. Wapeni kazi ya kushika kamba na kutaja miti kwa sauti, kona baada ya kona, maana mkataba utakapopingwa miaka thelathini ijayo, hao ndio watakaoitwa barazani kusema mpaka ulipita wapi.